Anza na Vijiti

Mume wangu alinipa jina la Redio, na hakunionea. Mimi nikikaa kimya ujue ninaumwa, na hata nikiumwa nitakueleza ninaumwa wapi, tangu lini na nani wa kulaumiwa. Siku ya kwanza nilipoingia nyumbani kwao, mama mkwe aliniambia, "Mwanangu, mdomo huo ungekuwa mguu, ungeshazunguka dunia." Nikamjibu kwamba mguu pia ninao. Alicheka mpaka akashika ukuta, na tangu hapo tukawa na desturi yetu, kugombana asubuhi na kula sahani moja mchana.

Kwa hiyo mtu kama mimi akikuambia kwamba kuna neno alilifungia kifuani, usidhani ni neno dogo. Lilihusu jinsi mume wangu alivyokufa, na mtu niliyeapa asilisikie ni mama yake.

Sisi ni wafinyanzi. Vyungu vya maua, mitungi, vigae vya kuezekea, mtu akitaka hata birika la udongo tutamfinyangia ilimradi asije na haraka zake. Hatukujaliwa mtoto, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya watu watatu, mama mkwe, mimi na mume wangu, ambaye mama yake alimwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wake. Karakana iko uani. Udongo unalala kwenye shimo lililofunikwa kwa magunia mabichi, gurudumu la kufinyangia liko chini ya dirisha, na tanuru limesimama mwisho kabisa, karibu na ukuta wa jirani, ambaye kila tukiwasha hutoa kichwa na kuuliza kama tunataka kumkausha yeye na nguo zake.

Kitinda na mimi tulifinyanga. Mwenye tanuru alikuwa mama mkwe, na kwenye tanuru hakuna aliyemwekea mdomo, hata mimi. Moto wake huanza na vijiti. Asubuhi nzima ni vijiti, moto wa kubembeleza, mpaka unyevu wote utoke ndani ya udongo, ndipo yafuate magogo. Moto ukizimika katikati na tanuru likapoa, huanzi pale ulipoishia. Unatoa magogo yote, unarudi kwenye vijiti kama vile hukuwahi kuwasha. Na kazi ikiisha, mdomo wa tanuru unazibwa kwa tope, wala haufunguliwi mpaka yeye aje aweke shavu lake ukutani, asikilize joto, aseme sasa. Wateja walikuja na kelele zao, "Mama, si unipe hata kile cha juu tu?" Naye huwajibu, "Hata mimba ina miezi yake, baba. Nenda ukarudi."

Haya yote nayaeleza kwa sababu. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, na mimi nilidhani walikuwa wanazungumzia vyombo tu.

Kitinda aliumia mgongo akishusha gogo kutoka kwenye lori. Liliteleza, naye akalikinga kwa mwili wake, eti lisimpate Haraka. Haraka ni kibarua wetu, mzee mwenye wajukuu, aliyepewa jina hilo kwa sababu kila kitu hukifanya mbio na kila kitu hukirudia. Mume wangu alipasuliwa mgongo katika hospitali kubwa, akarudi nyumbani amefungwa kama mzigo, na mkononi vidonge vya mofini.

Sitavisema vibaya vidonge vile. Bila vyenyewe mume wangu alilia, na mimi sikuwahi kumwona akilia. Navyo aliweza kukaa, kisha kusimama, kisha siku moja nikamkuta kwenye gurudumu, mikono imejaa udongo, anacheka peke yake. Lakini muda ulipita, vidonge vikaongezwa, vikaongezwa tena. Mgongo ukapungua maumivu, vidonge havikupungua. Akichelewa kuvimeza alianza kupiga miayo, miayo ya mtu ambaye hajalala wiki nzima, na kamasi zikimtoka kama ana mafua.

"Redio," aliniambia, "mgongo naona umepona. Ni mimi ndiye sijapona."

Tulikwenda kliniki pamoja. Daktari alikuwa mwanamke wa sauti ya chini, wa kukufanya uinamie meza ili umsikie. Hakumgombeza. Alimwambia kwamba mwili wake umeizoea dawa, kwamba hilo si ulevi wala si aibu, humpata mtu yeyote akiitumia muda mrefu. Kisha akanigeukia mimi, akaona bila shaka ndiye msemaji wa nyumba. "Asiache ghafla," alisema. "Tutashusha kidogo, tutasubiri mwili utulie, tutashusha tena. Inaweza kuchukua miezi. Kila baada ya wiki mbili mje nimwone, na kila mkija nitawaeleza hatua inayofuata."

Tukashusha mara ya kwanza. Usingizi ulimpungua siku chache, akawa mkali kidogo, akaniambia redio ikose betri, basi. Ikapita. Tukafurahi sote wawili.

Mama mkwe ndiye hakufurahi. Nilipomweleza mambo ya miezi aliacha kukanda udongo. "Miezi? Kitu kinamla mwanangu, mnakitoa kwa miezi?"

"Mama, daktari amesema mwili—"

"Daktari hakumzaa."

Nilijua kilichokuwa kikimla yeye. Sokoni kuna mwanamke alimuuliza mbele za watu kama ni kweli mwanawe amekuwa teja. Teja, Kitinda wangu, mtu asiyeweza hata kumaliza chupa ya soda. Mama mkwe alirudi nyumbani siku hiyo hajanunua kitu, akaketi kwenye kizingiti na kikapu kitupu mapajani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, hilo silikatai.

Nikasafiri. Kulikuwa na mteja mwenye bustani, mji wa mbali, aliyetaka vyungu vikubwa na mtu wa kumpangia, na mtu huyo ni mimi kwa kuwa Kitinda hawezi safari ndefu. Lori likaharibika njiani kurudi. Nilipofika nyumbani jua lilikuwa la utosi, na jambo la kwanza nililoliona ni mama mkwe ameketi mlangoni mwa chumba chetu, kwenye kigoda, ufunguo mkononi.

"Usipige kelele," aliniambia. "Anaachana nayo."

Nilimpita nikaingia. Mume wangu alikuwa amejikunja kitandani chini ya mablanketi mawili, kwenye joto lile, malaika yamemsimama mwilini kama kuku aliyenyonyolewa. Jasho lilikuwa limelowesha godoro. Macho yake yalikuwa meusi tupu, mboni zimetanuka, machozi na kamasi vikimtoka bila kulia. Miguu ilikuwa inarusha mateke yenyewe. Pembeni kulikuwa na ndoo, na chumba kilinuka matapishi na haja.

"Vidonge viko wapi?" nilimuuliza mama yake.

"Nimevitia tanuruni. Moto ulikuwa umekolea, nikavitupa vyote."

Hapo nilimtolea uvivu. Sitayarudia niliyoyasema, mengine hata yeye alikuwa hajawahi kuyasikia na amekula chumvi nyingi. Nilimwambia yeye ambaye hamruhusu mtu kufungua tanuru la vyungu vya maua kabla halijapoa, amemfungua mwanawe kwa siku moja. Alikuwa anatazama miguu ya Kitinda inavyorusha.

Nikapiga simu kliniki. Muuguzi aliyepokea alisema, "Mlete sasa hivi, tutamtuliza, usisubiri." Nikatafuta shati la mume wangu, nikatafuta viatu vyake, naye akanishika kifundo cha mkono.

"Siendi."

"Unakwenda."

"Nimeshafika katikati ya mto, mke wangu. Nikirudi hospitali nitapewa tena, na mama atalia tena. Nilimsikia anavyolia." Akameza mate, yakamshinda, akatapika. Alipomaliza akasema, "Niache nivuke."

Ningembeba kama ningeweza. Nilimwita Haraka tumbebe, Kitinda akamwangalia tu, na Haraka, ambaye maisha yake yaliokolewa na mgongo ule, akarudi uani akifuta macho. Basi nikakaa. Nilimpa maji yenye chumvi na sukari kwa kijiko, kijiko baada ya kijiko, na kila alipotapika nikaanza upya. Aliniambia kwamba mifupa inawasha kwa ndani, mahali ambapo kucha haifiki. Aliniambia nimuue. Kisha akaniomba radhi, kisha akanitukana, kisha akaniomba radhi tena.

Na mama yake, siwezi kumsingizia, hakuondoka. Aliosha ndoo ile kwa mikono yake. Miguu ilipokataa kutulia aliketi miguuni pa kitanda, akaipakata, akaikumbatia kifuani, na ikampiga mbavuni. Asubuhi moja nilimkuta amelala hivyo hivyo ameketi, alama nyeusi kwenye kidevu pale kisigino kilipompata. Nilimfunika. Hasira zangu zilikuwepo bado, lakini ningemfanya nini mtu kama yule?

Akavuka. Mateke yakaisha, tumbo likatulia, akaomba uji. Akanywa bakuli zima, akauliza kama nimeulizwa bei ya kukodishwa kwenye matangazo ya vifo, kwa jinsi nilivyokuwa nikiomboleza. Mama mkwe alitoka nje, nikamsikia akimwambia jirani yetu wa ukutani, yule wa nguo, "Mwanangu mzima. Nimemtoa." Alikuwa na haki ya kufurahi. Hata mimi, nilipomwona Kitinda amerudi kwenye gurudumu, mashavu yameanza kujaa, nilijiambia labda siku ile nilibwata bure.

Siku ya kliniki ilipofika nilisema twende, hata kama ni kuwaambia tu kwamba ameacha. Mama mkwe akakunja uso. "Kumpeleka mtu mzima hospitali ni kwenda kutafuta ugonjwa." Kitinda naye alisema mvua zikikatika tutakwenda. Nilijua ni aibu ndiyo iliyokuwa inasema. Hakutaka daktari yule wa sauti ya chini amuulize kwa nini hakufuata aliyoambiwa, akaanza kumtaja mama yake. Mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio chetu kilikuwa njiani.

Mvua zilileta baridi, na baridi ikamkumbusha mgongo. Hakusema, lakini nilimwona akisimama kwa vipande viwili, kwanza magoti, halafu kiuno. Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu vidonge viungue. Asubuhi ya siku yenyewe tulikuwa tunapanga vigae tanuruni, yeye ndani akipokea, mimi na Haraka tukimpa. Akatoka kijivu usoni, akasema baridi imemwingia, akaenda kwenye kibanda cha kuni kuchukua jaketi lake la zamani, lile la kazi, ambalo hakuwa amelivaa tangu mama yake alipomfungia ndani.

Alirudi amelivaa. Nakumbuka alikuwa ametulia, kama mtu aliyepata kitu alichokuwa akikitafuta. Akafanya kazi kidogo. Mama yake alipowasha vijiti, Kitinda alisema atajinyoosha kwenye magunia ya maranda, pale pale karibu na joto.

Mimi nilikuwa namsimulia Haraka habari za yule mteja wa bustani aliyetaka vyungu vyote viangalie barabara. Mume wangu akainua mkono kutoka kwenye magunia.

"Redio. Punguza sauti, nilale kidogo."

Nikapunguza. Baadaye kidogo akaanza kukoroma, na yeye si mkoromaji. Kukoroma kuzito, kwa kina, kukikatika, kukingoja, kukianza tena. Haraka akasema huyo leo anapasua mbao. Tukacheka sote, hata mama mkwe alicheka, akasema mwache, ana usingizi wa kulipia. Kisha kukoroma kukaisha, na mimi nikasema afadhali.

Chakula kilipoiva mama mkwe ndiye aliyekwenda kumwamsha. Nilimsikia akimwita mara moja, "Kitinda." Halafu sikusikia kitu, nikageuka. Alikuwa amepiga magoti kwenye maranda, ameweka shavu lake kifuani kwa mwanawe, vile vile anavyoliweka tanuruni, anasikiliza. Midomo ya mume wangu ilikuwa na rangi ya majivu.

Tulimpeleka kwa gari la jirani. Njiani nilimshika mkono uliokuwa umefumba, na ulipofunguka ukatoa karatasi ya bati ya vidonge, ile ya kubonyeza, imebonyezwa yote. Nikaifungia pindoni mwa nguo yangu. Mama mkwe alikuwa ameketi mbele, hakuona.

Daktari yule yule ndiye aliyenipokea baada ya kila kitu kuthibitishwa. Alinifungia mlango, akaniuliza alimeza vingapi. Nikamwonyesha ile karatasi, iliyosahaulika mfukoni mwa jaketi la kazi. Nikamwambia hakuzidisha, hicho ndicho kiasi chake cha kila asubuhi, kile alichokinywa miezi na miezi mkiwa mmempa wenyewe. Nilikuwa namgombeza, nadhani.

Aliigeuza ile karatasi mkononi. "Alikuwa ameacha kwa muda gani?"

Nilipomwambia, aliweka kalamu chini. "Mwili unasahau," alisema. "Ukikaa bila dawa, hata wiki chache tu, ule uzoefu unaondoka. Maumivu yanakumbuka, mwili haukumbuki. Kiasi cha zamani kinakuwa kama amepewa mtu ambaye hajawahi kuigusa. Kinamlaza, kisha kinaisahaulisha pumzi." Akaniuliza kama alikoroma. Nikamwambia tulicheka. Akanishika mkono juu ya meza. "Hukujua. Ningewaambia hili siku ile ambayo hamkuja. Na kwa nini aliacha ghafla?"

Nikamweleza. Naye akainama, hakusema neno juu ya mama mkwe, na kwa hilo namshukuru.

Nilitoka mle ndani nimejaa. Maneno yote nilikuwa nayo, yamejipanga, makali, nilikuwa naenda kumpa mama mkwe vipande vyake hadharani, kwenye korido ya hospitali, mbele ya wagonjwa na wauguzi. Wewe ndiye. Wewe na soko lako na aibu yako. Alikuwa kwenye benchi, mdogo kuliko nilivyomzoea, udongo bado umekauka kwenye kucha zake.

"Amesema nini?"

"Moyo," nilisema. "Moyo umesimama."

Si uongo. Kila anayekufa moyo husimama. Alitikisa kichwa taratibu, akaniangalia, akanishika magoti kwa mikono yake miwili.

"Angalau amekufa ameacha," alisema. "Hakuna atakayesema amekufa teja. Hilo tulimfanyia, mwanangu, mimi na wewe."

Nikalimeza neno pale pale. Lilikuwa na miiba na nikalimeza. Nilijiambia mume wangu ameshakwenda na maji yakimwagika hayazoleki, lakini huyu bado yupo, na ndiye pekee niliyebakiwa naye. Akijua, hatalala tena. Na mimi ndiye nitakayemsikia usiku kucha kupitia ukuta. Basi nikaapa.

Tulimzika. Watu walikuja, wakala, wakaondoka. Walishangaa jinsi nilivyonyamaza, wakasema msiba umemkausha. Mama mkwe naye aliniangalia mara nyingi kwa jicho la pembeni, hakuuliza. Asubuhi hatukugombana tena. Tulikula sahani moja, kila mtu upande wake, bila sababu ya kumtania mwenzake, na chakula kilibaki.

Vigae alivyovipanga Kitinda vilikuwa bado tanuruni. Vijiti vya siku ile viliungua vyenyewe vikaisha, hakuna aliyevigusa. Ilipita muda ndipo mwenye vigae alipotuma mtu kuuliza kwa adabu, na mama mkwe akasema tuchome. Akawasha upya, akabembeleza moto wake asubuhi nzima, mchana tukaingiza magogo. Jioni ikanyesha mvua ya upepo, maji yakaingia kupitia bati lililochanika, moto ukafa. Kesho yake tanuru lilikuwa baridi kabisa.

Nilitoka uani na kikombe cha chai nikamkuta Haraka yuko kazini tayari. Alikuwa amejaza mdomo wa tanuru magogo makavu, makubwa kuliko yote, na alikuwa anamiminia mafuta ya taa.

"Haraka, unafanya nini?" mama mkwe aliuliza nyuma yangu.

"Nafidia muda, Mama. Jana lilikuwa limeshafika kwenye magogo. Tunaendelea pale pale tulipoishia."

"Toa."

"Lakini Mama, jana lilikuwa linayala haya haya na halikudhurika."

"Jana ni jana. Tanuru likishapoa limesahau moto, ukilipa magogo ya jana linapasuka lote. Mara ngapi nikwambie? Toa, anza na—"

Hakumaliza. Mdomo ulibaki wazi. Haraka alingoja, gogo mikononi, kwa sababu sote tulijua neno linalofuata. Mama mkwe alikuwa ameacha kumtazama. Alikuwa anatazama magunia ya maranda, pale yalipobonyea na hakuna aliyeyanyanyua.

"Nilikiokota kidonge pale," alisema. Hakuwa anasema na mimi hasa. "Siku ya kufagia. Kimoja, kimeangukia kwenye maranda. Nikajua amerudia. Nikakificha, nisikutie aibu wewe, wala yeye. Nikasema hakiwezi kumdhuru. Alivinywa hivyo hivyo mwaka mzima, na havikumdhuru."

Chai ilikuwa inanimwagikia kidoleni na sikuiweka chini.

"Kiasi cha zamani," alisema. "Mwili umeshapoa." Akanigeukia. "Ndivyo? Ndivyo alivyokuambia yule daktari?"

Nilipaswa kusema hapana. Lilikuwa neno moja tu, na maisha yangu yote sijawahi kukosa neno. Ningesema hapana, Mama, moyo ulisimama, ningeongeza chumvi, ningeleta mjomba fulani aliyekufa vivyo hivyo, ningepiga porojo mpaka achoke. Nikafungua mdomo. Yeye akanitazama, akangoja, na kadiri nilivyokaa kimya ndivyo uso wake ulivyobadilika, maana hakuna aliyenijua kama yeye, na alijua mimi hunyamaza kwa jambo gani.

Alikwenda kwenye tanuru. Aliweka shavu lake ukutani, ukuta uliokuwa baridi, akakaa hivyo. Haraka aliliweka gogo chini polepole, safari hii bila kelele, akatoka kupitia mlango wa nyuma.

"Nilimshikilia miguu," alisema akiwa ameelekea ukutani. "Nilidhani ndiyo mwisho wake. Nilidhani nikimshikilia mpaka itulie, basi."

Nilimfuata, nikamshika mabega. Alikuwa mwepesi mikononi mwangu. Hakulia. Alinishika mkono akaubana kwa nguvu zote za mfinyanzi, na akaniita kwa jina ambalo hakuwahi kuliita, lile nililopewa na mwanawe.

"Redio," alisema. "Sema kitu."

Nikatafuta. Wallahi nilitafuta.